Homoni ya Moyo na Mizani ya Kuipimia

Maudhui ya mazungumzo yangu ya leo ni kitu kidogo mno kuonekana kwa jicho, nacho ni kingamwili ya maabara, ile ambayo watafiti huitumia kuitafuta na kuipima katika damu homoni inayotungwa na moyo. Mtu wa kisiwa cha Rukuba, katika Ziwa Victoria, aliyeshinda juani akianika dagaa, au aliyekesha majini akiwavuta kwa taa, ana haki kamili ya kuuliza jambo hili lamhusu nini. Na jibu langu, ambalo nitalieleza kwa utaratibu, ni kwamba lamhusu kuliko linavyomhusu mtu anayeishi hatua chache kutoka hospitali kubwa, maana huyo wa mjini ana vyombo vingine vya kuutazama moyo wake, na yule wa kisiwani, baada ya macho na mikono ya tabibu, ana damu yake tu ya kumtolea habari.

Kwa karne nyingi matabibu waliuhesabu moyo kuwa pampu, nao hawakukosea, kwani kusukuma damu ndiyo kazi yake iliyo dhahiri. Lakini mwaka 1956 mtaalamu mmoja, Bruno Kisch, alipokuwa akiuchungua moyo wa simbilisi kwa hadubini ya elektroni, aliona katika kuta za vyumba vya juu punje ndogo ndogo ambazo kazi yake haikujulikana; na mwaka uo huo wataalamu wengine walitambua kuwa chumba cha juu cha kushoto cha moyo wa mbwa kikitunishwa kwa puto, mkojo wa mbwa yule huongezeka. Mambo hayo mawili yalikaa mbalimbali kwa miaka 25, mpaka Adolfo de Bold, mzaliwa wa Argentina aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Kingston huko Kanada, alipozisaga nyama za vyumba vya juu vya mioyo ya panya, akachukua maji yake, akawadunga panya wengine mishipani. Katika muda mfupi mkojo wao uliongezeka mara kumi, na chumvi iliyotoka katika mkojo ule iliongezeka zaidi ya mara 30. Hayo yalichapishwa mwaka 1981, na tangu siku hizo hakuna mtaalamu aliyeweza kukana kuwa moyo, pamoja na kuwa pampu, ni tezi.

Wajapani Kangawa na Matsuo waliisafisha homoni hiyo kutoka moyo wa binadamu mwaka 1984, wakakuta ni mnyororo wa asidi amino 28. Na mwaka 1988 Sudoh pamoja na wenzake hao hao waliigundua ndugu yake katika ubongo wa nguruwe, ambayo kwa binadamu ina asidi amino 32, na ambayo baadaye ilithibitika kuwa chimbuko lake kubwa ni vyumba vya chini vya moyo. Ya kwanza wataalamu huiita ANP, na ya pili BNP, nami nitayatumia majina hayo kwa ufupi. Kazi yao ni ya rehema kwa mwili: damu inapozidi na kuta za moyo zikavutika, homoni hizi humiminwa katika mkondo wa damu, zikazifikia figo na kuziamuru ziachie chumvi na maji, na zikaifikia mishipa na kuilegeza, ili mzigo uliouelemea moyo upungue. Kwa hiyo moyo ulioshindwa na kazi yake hujitangaza wenyewe. Kadiri unavyolemewa ndivyo homoni inavyozidi katika damu.

Mtazameni mtu ambaye moyo wake umelemewa. Ukimbonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, ukashikilia kwa nukta chache kisha ukaachia, shimo la kidole hubaki pale pale, na polepole sana hujaa tena. Usiku hawezi kulala chali. Huomba mto wa pili, kisha wa tatu, mwishowe hulala ameketi. Akipanda kutoka mwaloni kwenda nyumbani, njia ambayo zamani aliipita na ndoo mbili mikononi, husimama katikati kupumua. Dalili hizo ni wazi, lakini si za moyo peke yake. Kifua hubana kwa pumu, kwa nimonia na kwa kifua kikuu. Miguu huvimba kwa maradhi ya figo na ya ini. Tumbo hujaa maji kwa kichocho cha muda mrefu, maradhi ambayo sisi wa kandokando ya ziwa hatuna haja ya kufundishwa habari zake. Na upungufu mkubwa wa damu humfanya kijana aheme kama mzee. Tabibu wa kituo cha afya cha kisiwani, awe hodari namna gani, hulazimika kukisia, na kumpeleka mgonjwa Kwangwa mjini Musoma, katika Hospitali ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, kwa boti kisha kwa gari, ni gharama ambayo familia haiwezi kuibeba kila mara kwa ajili ya kukisia. Kipimo cha eko, kinachouonyesha moyo ukipiga, hukaa katika hospitali kubwa na kinamtaka mtu aliyesomea kukitumia. Tone la damu lililopimwa vema lingeweza kumwambia tabibu yule kama safari ina dharura au la.

Shida iko katika udogo wa kitu chenyewe. Mwaka 2002 uchunguzi mmoja mashuhuri wa wagonjwa 1,586 waliofika katika vyumba vya dharura vya Marekani, Ufaransa na Norway wakiwa na tabu ya kupumua, ulitumia kiwango cha pikogramu 100 za BNP katika kila mililita ya damu kuwa mpaka wa kuwatenga wenye moyo ulioshindwa na wenye maradhi mengine. Pikogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara trilioni moja. Hakuna karatasi ya rangi wala dawa ya kawaida ya maabara inayoweza kuona uchache wa namna hiyo ndani ya damu iliyojaa chumvi, sukari, mafuta na maelfu ya protini. Kinachoweza ni kingamwili, kwa kuwa kingamwili haina shughuli na umati ule wote, ila hukishika kitu kimoja tu ilichoumbiwa kukishika.

Kingamwili hutoka wapi? Hutoka katika mwili wa mnyama. Homoni ya moyo ni ndogo mno kiasi kwamba sungura akidungwa hiyo peke yake, mwili wake aghalabu hauijali; basi wataalamu huifungamanisha na protini kubwa, na iliyo mashuhuri kwa kazi hiyo hutoka katika damu ya konokono mmoja wa bahari apatikanaye pwani ya California, ambaye damu yake ina shaba na rangi yake huwa buluu. Sungura akidungwa mchanganyiko huo mara kadhaa, kwa kupishana majuma, damu yake hujaa kingamwili za kuikamata homoni ile. Lakini kingamwili za sungura mmoja ni za namna nyingi, na sungura huyo akifa, hakuna sungura mwingine atakayetoa zilizo sawasawa na zake. Tatizo hilo lilitatuliwa mwaka 1975 mjini Cambridge na Georges Köhler pamoja na César Milstein, naye pia mzaliwa wa Argentina kama de Bold, walipounganisha seli ya bandama ya panya na seli ya saratani isiyokoma kuzaana, wakapata ukoo wa seli unaotoa kingamwili ya namna moja tu, daima dumu. Walitunukiwa Nobel mwaka 1984, na njia yao haikuwekewa hataza. Kabla yao Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa New York, waliofungua mlango wa kupima homoni kwa kingamwili wakianza na insulini mwishoni mwa miaka ya 1950, nao walikataa kuimiliki njia yao kwa hataza. Nayataja haya kwa shukrani, kwa kuwa elimu tunayoizungumza leo ilitolewa wazi kwa kila taifa lenye nia ya kuichukua.

Katika maabara kazi yenyewe huendeshwa katika sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kishimo kikiwa hakizidi upana wa ncha ya kidole cha mtoto. Kingamwili ya kwanza hugandishwa chini ya kishimo. Damu iliyochujwa seli zake humwagwa juu yake, na homoni, kama imo, hunaswa. Kisha kila kitu kingine huoshwa. Kingamwili ya pili, inayoishika homoni upande wake mwingine, huongezwa ikiwa imebeba kimeng'enya, na baada ya kuosha tena huwekwa maji yasiyo na rangi. Hapo subira hulipwa: vishimo huanza kuwa buluu, vingine haraka na vingine kwa kusita, na tone la asidi linapotiwa buluu hiyo hugeuka manjano papo hapo na kusimama. Mashine huusoma ukolezi wa manjano, na ukolezi huo ndio idadi.

Wasikilizaji wangu, nafika sasa katika kiini cha maneno yangu. Idadi iliyotoka katika mashine huonekana kuwa ya kweli kwa sababu imeandikwa kwa tarakimu, lakini haina ukweli zaidi ya ule wa kingamwili iliyoizaa. Kila mvuvi anajua kuwa mizani ya mwaloni haiaminiwi kwa kuwa inang'aa au kwa kuwa mshale wake hucheza. Huaminiwa kwa kuwa Wakala wa Vipimo amekuja, ameweka juu yake mawe ya uzani unaojulikana, ameona mshale umesimama panapostahili, na ameigonga mhuri. Kingamwili nayo yapasa iwekewe mawe yake. Apewe mtafiti homoni halisi ya kiasi kinachojulikana, aone kama sahani itasema kiasi kile kile. Apewe maji matupu, aone kama sahani itanyamaza. Aizimue damu nusu kwa nusu, aone kama idadi nayo itashuka nusu kwa nusu. Asiyeyafanya hayo anapima samaki wa watu kwa mizani isiyo na mhuri.

Wala msidhani kuwa makosa ni nadra. ANP na BNP zote mbili zina pete ya asidi amino 17, na katika hizo 11 ni zile zile, kwa hiyo kingamwili iliyolenga pete yaweza kuzishika zote bila kubagua na mtafiti akadhani amepima moja. ANP ya panya na ya binadamu hutafautiana kwa asidi amino moja tu, na kingamwili moja yaweza kuwafaa wote wawili. Lakini BNP zao zimeachana mbali, ya panya ina asidi amino 45, na kingamwili iliyofanya ajabu katika damu ya mtu yaweza isione kitu katika damu ya panya, mtafiti akaandika kuwa homoni haipo hali ipo tele. Mwaka 2015 wanasayansi zaidi ya 100 walitia sahihi zao katika jarida la Nature wakilalamika kuwa kingamwili nyingi za utafiti hazijathibitishwa, na wakitaka zitengenezwe kwa kanuni za jeni zinazojulikana ili chupa ya mwaka huu iwe sawa na ya mwaka ujao. Na ndiyo sababu chupa nyingi huandikwa kuwa ni kwa matumizi ya utafiti tu: mtengenezaji hajadhamini kuwa maisha ya mgonjwa yaweza kuamuliwa kwa chupa hiyo, na daktari anayeipuuza karatasi ile hujitwika dhamana ambayo mwenye mali mwenyewe ameikataa.

Kwa sisi wa ziwani kuna jambo jingine, nalo ni la safari. Moyo hauitungi BNP ikiwa kamili. Hutunga kwanza mnyororo mrefu wa asidi amino 108, kisha mnyororo huo hukatwa vipande viwili, kipande cha asidi amino 32 ambacho ndicho BNP yenyewe, na kipande kilichosalia cha asidi amino 76, kisicho na kazi ijulikanayo, ambacho huitwa NT-proBNP. BNP hupungua nusu mwilini katika muda wa dakika 20 hivi, na hata ndani ya kichupa, nje ya barafu, huharibika katika saa chache. Kipande kile kingine huvumilia hadi siku tatu katika joto la kawaida la chumba. Mtafiti aliyeko Mwanza, ambaye maabara yake iko ngazi chache chini ya wodi, aweza kuchagua chochote katika hivyo viwili. Lakini damu iliyotolewa Rukuba asubuhi ya mawimbi, ikangoja upepo utulie, ikavushwa kwa boti, ikapakiwa katika basi la Mwanza kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 200, itafika ikiwa na BNP iliyokwisha kuoza, na mpimaji, bila kujua, ataandika kuwa moyo wa mtu huyu ni mzima. Basi kwa visiwa vyetu kingamwili ifaayo ni ile inayokitafuta kipande kinachostahimili safari, na damu ichukuliwe katika kichupa cha plastiki chenye kifuniko cha zambarau. Naona jambo hili, linaloonekana kuwa dogo kwa mtu wa mjini, kuwa ndilo litakaloamua kama watu wa visiwani watahesabiwa kwa haki au la.

Hata hapo kazi haijakwisha, maana kiwango cha kutenga mgonjwa na mzima kimetoka kwa watu wengine. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Dallas nchini Marekani, na kuchapishwa mwaka 2015, uliona kuwa watu weusi wa huko wana kiasi kidogo cha homoni hizi kuliko weupe. Unene nao huzishusha. Uzee, maradhi ya figo na upungufu wa damu huzipandisha. Fikirini sasa kuhusu kanda yetu ya ziwa, yenye malaria na selimundu zinazokausha damu za watoto na vijana, yenye kichocho kinachoathiri mishipa ya mapafu, na yenye wagonjwa wa moyo ambao bado ni watu wa makamo. Profesa Abel Makubi na wenzake waliwachunguza watu wazima 427 wenye moyo ulioshindwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili kati ya mwaka 2012 na 2013, wakakuta wastani wa umri ni miaka 55, na ya kuwa katika kila wagonjwa 100, 45 waliponzwa na shinikizo la damu. Uchunguzi mwingine wa wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, ulikuta wastani wa miaka 52. Ulaya wagonjwa wa namna hii aghalabu wamekwisha pita miaka 70. Haielekei kuwa kipimo kilichokatwa kwa kimo cha babu wa Ulaya kitamkaa sawasawa mvuvi wa miaka 40.

Si kwamba ziwa hili ni geni katika elimu ya moyo. Ng'ambo yake, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, J. N. P. Davies alieleza mwaka 1948 maradhi ambayo kuta za ndani za moyo hugeuka makovu, maradhi ambayo vitabu vya Ulaya vilikuwa havijayapa nafasi. Na aliyajua kwa kuwachungua waliokwisha kufa. Leo tuna Hospitali ya Bugando na kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mjini Mwanza, na tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete mjini Dar es Salaam. Tunao vijana waliosoma, wanaojua kushika pipeti na kuitunza kingamwili katika nyuzi 20 chini ya sifuri, wakiigawa katika vichupa vidogo ili isigandishwe na kuyeyushwa mara kwa mara. Kinachopungua ni kuwahesabu walio hai, na kuwahesabu pale wanapoishi.

Kwa hiyo ninyi watafiti wa Mwanza na wa Dar es Salaam, nawasihi: mtakapounda uchunguzi wenu ujao wa homoni za moyo, msiishie penye lami. Njooni Rukuba, mchukue damu ya wazima kabla ya damu ya wagonjwa, maana hakuna awezaye kuujua ugonjwa wa watu ambao uzima wao haujapimwa. Andikeni katika taarifa zenu jina la kingamwili mliyotumia, namba ya toleo lake, na majaribio mliyoifanyia kabla ya kuiamini, na mtumie kingamwili inayokitafuta kipande kinachovumilia maji na barabara. Na ninyi wenyeji wa kisiwani, atakapokuja mtafiti akiwa na kichupa chake, muulizeni damu yenu inakwenda kupimwa nini, nani ataitunza na majibu yatarudi kwa njia gani. Akiwajibu kwa uwazi, mpeni mkono. Lakini mwenye miguu inayobaki na shimo la kidole, au asiyeweza kulala chali, asimngojee mtafiti yeyote. Apande kituo cha afya kesho asubuhi, akapimwe shinikizo la damu.